Tambi za Uyoga Jijini Mwanza: Uyoga Upi, na Rojo Lipi?

Mtu anayetaka kupika tambi za uyoga zisizo na nyama wala samaki jijini Mwanza hukabiliwa na maamuzi mawili: anunue uyoga wa aina gani, na aupike kwa rojo gani. Mara nyingi la pili ndilo hutangulia. Mpishi huamua kwamba leo anataka rojo la krimu, kisha huingia mjini kutafuta uyoga wowote utakaopatikana, na akiukosa mbichi huchukua wa kopo akiamini kwamba uyoga wote ni mmoja. Makala haya yanapendekeza utaratibu huo ugeuzwe, kwa sababu katika chakula hiki mwenye masharti ni uyoga. Uyoga mbichi, uyoga wa kopo na uyoga uliokaushwa hufanya kazi tofauti ndani ya sufuria, na rojo linaloufaa mmoja huweza kuufunika mwingine usionekane wala usionjeke.

Vipimo vinavyotajwa hapa ni vya watu wanne, kwa gramu 400 za tambi kavu.

Uyoga mbichi na uyoga wa kopo

Uyoga unaolimwa zaidi na wakulima wadogo nchini ni mamama, yaani uyoga chaza, wenye kofia pana zilizopinda na rangi ya kijivu au nyeupe. Ipo sababu inayoufanya ufae sana ukanda huu. Mamama huota vizuri kwenye mabaki ya mimea, hasa maganda ya mbegu za pamba na mabua ya mpunga, na wilaya zilizo kusini mwa Ziwa Viktoria zinalima pamba na mpunga tangu zamani. Mkulima akipata maganda, akayachemsha au kuyafukiza kwa mvuke ili kuua vimelea, akapanda mbegu katika mifuko na kuitunza kwenye banda lenye kivuli, unyevu na usafi, anaweza kuvuna bila mitambo ya gharama. Uyoga wa vifungo, ule mweupe wa mviringo unaoonekana kwenye picha nyingi za tambi, una tabia nyingine: huoteshwa kwenye mboji iliyoandaliwa kwa uangalifu, na wakati wa kuzaa hupenda ubaridi wa nyuzi joto 16 hadi 18 hivi, ambao Mwanza haiutoi bila mashine. Ndiyo maana mamama unaouziwa hapa huenda ulivunwa jana, ilhali vifungo ama vimesafirishwa mbali ama vimefungwa koponi miezi mingi iliyopita.

Hata hivyo mamama hauko kila genge kama mchicha. Anayeufuata sokoni Buzuruga au Kirumba bila kuagiza anaweza kurudi na nyanya tu. Njia ya uhakika ni kuwa na namba ya mkulima na kumwambia siku moja kabla, au kupitia majokofu ya maduka makubwa ya katikati ya jiji. Ukiupata, ukague kabla ya kulipa. Kingo za kofia zisiwe zimekauka wala kugeuka njano, mguso usiwe wa utelezi, na harufu isiwe ya uchachu. Mfuko wa plastiki uliojaa matone ya maji kwa ndani ni dalili kwamba uyoga umekaa humo ukipumua muda mrefu. Ukifika nyumbani uhamishie kwenye mfuko wa karatasi na uuweke kwenye jokofu, ambako utadumu siku tatu hadi tano. Nje ya jokofu, kwa joto la mchana la huku, usitarajie uzuri wake upite siku moja. Kwa nyumba isiyo na jokofu, au yenye umeme usiotabirika, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Uyoga wa kopo unashinda hapo. Unakaa kabatini mwaka mzima, hauna uchafu wa kuosha, na mtu anaweza kuufungua saa mbili usiku wageni wakiwa wamekwisha kubisha hodi. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba umekwisha kupikwa ndani ya kopo lake, kwa hiyo sehemu kubwa ya harufu yake imehamia kwenye maji ya chumvi, na ukiukaanga hauchukui rangi ya kahawia kwa urahisi. Ya pili ni chumvi yenyewe, inayomlazimu mpishi auchuje na kuusuuza kabla ya kuutumia. Wanaolinganisha bei hupotoka wanapotazama uzito wa kopo zima, kwa sababu karibu nusu yake huwa ni maji. Uzito wa kuangalia ni ule unaoandikwa kuwa uzito baada ya kuchuja. Kwa upande mwingine, gramu 500 za mamama mbichi hupungua hadi nusu au chini ya hapo zikishakaangwa, wakati uyoga wa kopo ulikwisha kupungua kiwandani. Tofauti ya kile kinachofika sahanini, basi, si kubwa kama inavyoonekana dukani.

Uyoga uliokaushwa ni wa kundi lake. Takribani gramu 10 za mbichi hubaki gramu moja baada ya kukauka, na ladha hubaki imejikusanya. Gramu 40 zinatosha watu wanne. Huloweshwa kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30, kisha maji yale huchujwa kwa kitambaa ili mchanga ubaki nyuma. Maji hayo yasimwagwe kamwe. Yana ladha kuliko uyoga wenyewe, na anayeyamwaga amelipia kitu ambacho hakukila. Mwenye mamama mwingi kuliko anavyoweza kula anaweza kuuchana na kuuanika juani kwenye chekecheke safi hadi uvunjike kwa vidole. Jua nalo huongeza vitamini D katika uyoga, jambo lisilotokea kwa mboga za majani.

Upo pia uyoga wa porini, unaojitokeza mvua zinapoanza, hasa ule wa vichuguuni, na vijijini wapo wazee wanaoufahamu vizuri. Kwa mpishi wa mjini asiyekulia katika ujuzi huo ushauri wangu ni mmoja tu: usiutumie. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haiharibiwi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Dalili zake huweza kuchelewa saa 6 hadi 24, na zinapotokea ini linakuwa limekwisha kuanza kudhurika. Imani kwamba kijiko cha fedha kitabadilika rangi, au kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu, hazina msingi wowote.

Jinsi ya kuukaanga, kabla ya rojo lolote

Rojo lolote utakalochagua, uyoga mbichi ukaangwe peke yake kwanza. Hapa ndipo tofauti kati ya chakula kizuri na kibovu hutokea, kuliko hata kwenye uchaguzi wa rojo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90. Ukiutumbukiza kwenye kitunguu kinachokaangika, ukaweka chumvi na kufunika, maji hayo hutoka yote kwa pamoja na uyoga huchemka ndani yake. Hubaki wa kijivu, mlaini, usio na harufu. Fanya hivi badala yake. Suuza uyoga haraka bila kuulowesha, ukate kikonyo kigumu cha chini ambacho hakilainiki hata upike saa nzima, kisha uuchane kwa mkono ukifuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole. Bandika kikaango kipana kwenye moto mkali bila mafuta na uutandaze usirundikane. Kama kikaango ni kidogo, kaanga kwa awamu mbili. Utaanza kutoa maji na kulia kwa sauti ya kuchemka. Maji yakikauka na sauti ikabadilika, ndipo uweke vijiko viwili vya mafuta, uuache bila kuugeuza geuza mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, kisha ugeuze. Chumvi huja mwisho, kwa sababu huvuta maji nje.

Anayehofia kwamba uyoga utaivia sana na kuvurugika hana sababu ya kuhofu. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitini, kitu ambacho hakiyeyuki kwa joto la jikoni kama zinavyolainika kuta za mboga nyingine, na ndiyo sababu uyoga uliokaangwa dakika 10 na uliokaangwa dakika 20 hukaribiana kwa ulaini. Mafuta ya alizeti yanafaa, na ya pamba yanafaa pia yakiwa yamesafishwa vizuri. Uyoga wa kopo haufuati utaratibu huu. Ukishachujwa na kusuuzwa, ukaushwe kwa kitambaa na kupitishwa kwenye mafuta ya moto dakika tatu au nne, bila kutarajia makubwa.

Mafuta na kitunguu saumu

Hili ndilo rojo fupi kuliko yote, na ndilo ninaloona linamtendea haki mamama mbichi. Vijiko vitano vya mafuta hupashwa kwa moto mdogo pamoja na punje sita za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba na pilipili kavu kidogo, mpaka kitunguu kianze kunukia na kupata rangi ya dhahabu hafifu. Kikipita hapo huwa kichungu na hakuna dawa yake. Uyoga uliokwisha kukaangwa huingia, tambi huingia zikiwa bado zinadondosha maji, na kikombe kimoja cha maji ya kuchemshia tambi humiminwa juu. Kikaango hutikiswa kwa moto mkali hadi maji yale yenye wanga yashikamane na mafuta kuwa rojo jepesi linalong'aa. Pilipili manga na matone machache ya limau humalizia. Mwenye samli ya Usukumani anaweza kuweka kijiko kimoja mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Harufu yake na ya uyoga wa kahawia huendana kuliko siagi ya dukani, ingawa samli iliyochacha sana itatawala kila kitu.

Rojo hili halina mahali pa kuficha kosa. Uyoga uliochoka utajulikana, tambi zilizorojeka zitajulikana. Wapo pia walaji ambao, wakiona sahani isiyo na mchuzi mzito, watauliza chakula kiko wapi, na kwa hao hakuna maelezo yatakayosaidia. Uyoga wa kopo hauna nafasi hapa kabisa. Mafuta na kitunguu saumu vitaonjeka, na uyoga utakuwa unatafunwa tu.

Nyanya

Rojo la nyanya ndilo rahisi kwa mpishi wa Mwanza, kwa sababu kila sehemu yake ameizoea: vitunguu maji viwili, nyanya nane zilizoiva vizuri, kijiko cha nyanya ya kopo, kitunguu saumu, karoti moja iliyokwaruzwa ili kupunguza ukali, na giligilani ya kumalizia. Kitu kimoja tu ndicho hutofautiana na mchuzi wa kila siku, nacho ni muda. Rojo la tambi linapaswa kukaushwa zaidi, kwa moto mdogo, dakika 20 hadi 25, mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni na mwiko ukipitishwa chini ya sufuria uache njia inayofungika polepole. Mchuzi mwepesi unaofaa kuchovya ugali utateleza kutoka kwenye tambi na kukusanyika chini ya sahani.

Nyanya na uyoga vyote vina glutamati kwa asili, kile kiini kinachoupa mchuzi ladha nzito ya kukolea, na vikikutana hukuza kila kimoja. Lakini uchachu wa nyanya una nguvu kuliko harufu ya mamama. Kwa hiyo hapa ndipo uyoga wa kopo unapopata heshima yake: ukiingizwa kwenye rojo dakika 10 kabla ya kuepua, hunywa ladha ambayo wenyewe hauna, na mlaji hapati kitu cha kulalamikia. Mwenye mamama mbichi anaweza kuupika kwa nyanya pia, ila aukaange kando mpaka uwe wa kahawia na auchanganye mwishoni, usikae ndani ya nyanya zaidi ya dakika mbili. Kuutupa ukiwa mbichi ndani ya nyanya mbichi ndiyo njia fupi ya kupata supu.

Krimu, maziwa na mtindi

Krimu hufanya kinyume cha nyanya: haishindani na uyoga, bali huichukua harufu yake na kuisambaza. Kwa sababu hiyo huufaa zaidi uyoga uliokaushwa, wenye ladha kali inayohitaji kitu cha kuitawanya. Kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo hukaangwa kwa siagi hadi kilainike, uyoga uliolowekwa na kukamuliwa hufuata, kisha maji yake yaliyochujwa humiminwa na kuachwa yapungue hadi robo, ndipo mililita 200 za krimu ziingie na kuchemka taratibu dakika nne au tano. Mamama mbichi nao hupendeza humo, mradi uwe umekaangwa kweli. Uyoga wa kopo ndani ya krimu ni chakula cha hospitali.

Tatizo la krimu huku ni upatikanaji na bei. Inauzwa kwenye maduka machache makubwa, na ikishafunguliwa haikai. Mbadala wa karibu ni maziwa freshi yaliyofanywa mazito: vijiko viwili vya siagi na vijiko viwili vya unga wa ngano hukaangwa dakika mbili bila kubadilika rangi, kisha nusu lita ya maziwa humiminwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Matokeo yake si krimu, lakini ni rojo la heshima, na maji ya uyoga uliokaushwa yakitangulia kuchukua nafasi ya sehemu ya maziwa, wachache watauliza tofauti. Mtindi, ambao Kanda ya Ziwa haukosekani, unahitaji tahadhari kwa sababu ukichemka hukatika. Utolewe kwenye jokofu mapema, ukorogwe na kijiko cha unga, na uchanganywe sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa. Uchachu wake hufanya chakula kiwe chepesi kuliko krimu, na kwa siku ya joto mimi huupendelea.

Tui la nazi hutajwa mara nyingi kama mbadala. Ni zuri, lakini utamu wake huja mbele na kuugeuza uyoga kuwa msindikizaji. Anayelitaka alitumie akijua kwamba amepika chakula kingine.

Karanga

Mboga nyingi za Kanda ya Ziwa huungwa kwa karanga, na uyoga haujatengwa. Vijiko vinne vya karanga zilizosagwa laini, zikalainishwa kwa maji ya tambi na kumiminwa juu ya kitunguu, nyanya moja na uyoga wa kahawia, hutoa rojo zito lenye kushibisha, na halihitaji maziwa wala samli ili litosheleze. Linashikamana vibaya na tambi ndefu, kwani hufanya mabonge. Litumike kwa makaroni mafupi yenye tundu. Moto uwe mdogo na mwiko usipumzike, la sivyo litashika chini.

Tambi zenyewe

Hapa hakuna mengi. Chagua zilizoandikwa kuwa ni za ngano ngumu, durumu. Huwa na rangi ya njano iliyokolea, na maji yake ya kuchemshia hayageuki uji. Tambi nyembamba mno, zile za kukaanga na sukari na iliki wakati wa Ramadhani na Sikukuu, ziachwe kwa kazi hiyo. Tambi ndefu zinafaa rojo la mafuta na la krimu, na makaroni yanafaa nyanya na karanga.

Kwa gramu 400, wapishi wa Kiitalia hutumia lita nne za maji na gramu 40 za chumvi, lakini anayehesabu mkaa au gesi anaweza kushuka hadi lita mbili na nusu akipunguza chumvi kwa kiasi hichohicho na kukoroga mara kwa mara dakika mbili za mwanzo. Maji machache huwa na wanga mwingi, jambo linalosaidia rojo la mafuta. Muda ulioandikwa kwenye pakiti usiufuate kwa upofu. Mwanza iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,130, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo tambi za dakika 8 huhitaji moja au mbili zaidi. Onja moja: iwe laini nje, na katikati ibakie na ukinzani kidogo kwa jino. Zitamalizikia kuiva ndani ya rojo. Usizisuuze kwa maji baridi baada ya kuzichuja, kwa sababu utakuwa umeondoa ule wanga unaoshikanisha rojo.

Kwa asiyekula nyama kabisa

Katika jiji ambalo jikoni nyingi hunukia sato na dagaa, chakula kinaweza kuwa na samaki bila mpishi kukusudia. Mafuta yaliyokaangia samaki hayafai kukaangia uyoga. Harufu itabaki, na mgeni asiyekula samaki kwa sababu ya imani yake atakuwa amelishwa asichokubali. Vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi visomwe maandishi yake, kwani vingi vina mafuta au dondoo la ng'ombe au kuku, hata vile ambavyo picha yake ni mboga. Jibini nayo ina swali lake. Parmigiano Reggiano, ambayo mapishi ya Kiitalia huinyunyiza juu ya tambi, hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo haiwafai wanaoshika sharti hilo kikamilifu. Kwa mgeni asiyetumia kitunguu wala kitunguu saumu, kama walivyo Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, uliza kwanza kama uyoga wenyewe anaula, kwa kuwa wengi wao hawauli.

Jambo moja zaidi kuhusu lishe. Uyoga huitwa nyama ya asiyekula nyama, na kwa kutafunika jina hilo linaufaa. Kwa protini, haliufai. Gramu 100 za mamama mbichi zina protini ya gramu 3 hivi, ilhali gramu 100 za tambi kavu zina takribani 12. Katika sahani hii protini nyingi hutoka kwenye tambi, na anayetaka iongezeke achague rojo la karanga, au aweke dengu zilizochemshwa ndani ya rojo la nyanya, ambako hazionekani ngeni.

Upi kwa nani

Aliyepata mamama uliovunwa asubuhi, ana kikaango kipana, na anapikia watu wawili au watatu watakaokula papo hapo, achague mafuta na kitunguu saumu, wala asitafute krimu. Kikwazo ni idadi: uyoga wa watu wanane haukaangiki vizuri kwa mara moja kwenye jiko la kawaida, na awamu nne za kukaanga humfanya mpishi akose kula na wageni wake.

Kwa familia yenye watoto, au kwa wageni wengi ambao baadhi yao hawajawahi kula uyoga, nyanya ndiyo salama. Hakuna anayeshtushwa na rangi yake, inavumilia kuchelewa, na kopo mbili za uyoga zikiongezwa kwenye sufuria kubwa hakuna atakayejua kwamba mamama ulikosekana. Ndiyo rahisi pia kwa mfuko, hasa msimu nyanya zikiwa nyingi sokoni.

Krimu ninaiona kuwa ya siku maalumu na ya uyoga uliokaushwa, kwa sababu gharama ya vyote viwili haihalalishiki kwa chakula cha Jumanne. Anayekosa krimu asijizuie. Atumie maziwa yaliyotiwa unga. Karanga ni kwa asiyetumia maziwa na kwa anayetaka kushiba hadi jioni.

Iwapo hesabu yako inategemea chakula kupikwa mchana na kuliwa usiku, basi ladha isiwe kigezo cha kwanza. Rojo la nyanya likihifadhiwa kando na tambi kwenye jokofu hukaa siku mbili au tatu, na siku ya pili huwa limekolea zaidi. La karanga hukaa siku mbili, lakini hukaza na huhitaji maji ya moto lilegee. La krimu au maziwa liliwe ndani ya siku moja, lipashwe kwa moto mdogo bila kuchemka. Tambi za mafuta na kitunguu saumu hazipashiki vizuri, kwani hunywa mafuta yote na kukatika. Zikibaki, zikate fupi, uzichanganye na mayai mawili kama unayala, na uzikaange ziwe kimanda cha asubuhi.